Naomba ushauri: kurekebisha taa za mbele za gari lililoinuliwa

Ndugu wanachama, Land Cruiser yangu hapa Malindi iliinuliwa kwa springi ndefu kwa ajili ya njia za ndani za Tsavo Mashariki, na tangu hapo madereva ninaopishana nao usiku katika barabara ya Garsen hunimulika kwa hasira hata ninapokuwa nimeweka dimu. Upande wa mbele uliinuliwa zaidi ya nyuma, kwa hivyo naamini miale yenyewe imeelekea juu, wala si kimo cha taa pekee kilichobadilika. Kipimo cha kawaida nakifahamu: gari husimama pahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, na ukingo wa juu wa mwanga wa dimu hushuka sentimita 10 hivi chini ya kimo cha taa, yaani asilimia 1 ya umbali huo.

Je, kwa taa zilizopanda hivi nishushe zaidi, na nipime gari likiwa tupu au likiwa na mitungi ya maji inayolibonyeza nyuma? Tena skrubu za kurekebishia zimeshika kutu (wa pwani mtanielewa), nami ningependa kujua mnazilegezaje bila kuvunja plastiki inayozishikilia.