Filamu za wanawake maktabani Tabora: projekta hii itatosha?

Swali: Habari zenu wadau. Tunaandaa maonyesho ya bure maktabani, filamu za hali halisi zilizotengenezwa na wanawake. Watu 50, Jumamosi saa 9 alasiri ili kina mama wawahi kurudi nyumbani. Projekta tuliyoazimwa ni ya lumeni 1,500 (kipimo cha nguvu ya mwanga wake).

Jibu: Kwa mchana haitoshi, dada. Picha itapauka, nyuso zote zitakuwa kijivu. Tafuta lumeni 3,000 kwenda juu, uzibe madirisha kwa kitambaa cheusi kizito. Kanga hupitisha mwanga. Ukingo wa chini wa shuka la kuonyeshea picha uwe mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vya watu wa mbele vitaficha maandishi ya tafsiri.

Jibu: Sauti ndiyo huharibu zaidi. Spika ya ndani ya projekta haifai kabisa. Weka spika mbili za nje kando ya shuka, usawa wa masikio, na tandika mikeka kupunguza mwangwi. Tumieni UPS (betri inayoshikilia umeme kwa muda): umeme ukikatika ghafla feni ya projekta husimama balbu ikiwa bado ya moto, nayo hufa mapema.

Jibu: Kiingilio bure hakiondoi hakimiliki! Ombeni idhini ya mwenye filamu kwa maandishi; DVD ya dukani ni ya kutazama nyumbani. Bodi ya Filamu nayo iulizwe mapema kuhusu daraja la umri.