Yule "mwenyeji" wetu wa Sevilla kaingia mnarani kwa TIKETI YA MAMA YANGU

Wakuu, hapa Sevilla ni saa saba usiku, familia yote imelala, mimi usingizi hauji kwa hasira.

Mnamjua. Jina silitaji, lakini mnamjua. Yule ambaye kila ukifunguliwa uzi wa Hispania humu anarukia: "Njooni, mimi ndiye mwenyeji, msipoteze hela kwa waongoza watalii." Leo ilikuwa siku yetu ya kwanza mjini. Mimi, mke wangu, watoto watatu na bi mkubwa aliyekuja kututembelea Uingereza kutoka Tanga.

Bi mkubwa ana miaka 71 na katika Hispania nzima aliomba kitu kimoja tu: kupanda Giralda, mnara wa kengele wa kanisa kuu. Toka utotoni chuoni alikuwa akihadithiwa habari za Andalusi, Hispania ya enzi za Waislamu, na mnara ule ulikuwa wa msikiti, ulikamilika 1198, kabla Wakristo hawajauteka mji 1248. Kengele zimekuja kupandishwa baadaye. Asubuhi kavaa buibui jipya kama anakwenda harusini.

Hela za tiketi nilimtumia jamaa wiki mbili kabla. Za watu WOTE. Tumepanga foleni, digrii 41, jua la kukaushia papa. Watoto wakatangulia na mama yao, nikageuka nimshike bi mkubwa mkono, namkuta YEYE! Kashaingia! "Bi mkubwa nimemwacha kwenye benchi na mabegi, ngazi zile zingemuua."

Ngazi zipi? Giralda haina ngazi! Ni njia ya mwinamo inayozunguka ndani ya kuta, miinamo 35, wanasema ilijengwa hivyo ili mwadhini apande juu ya mnyama. Vidato viko vichache tu, mwishoni kabisa. Mnyama apande, mama yangu ashindwe? Mbele yangu kulikuwa na mzee wa mkongojo kama alizaliwa mwaka huohuo wa 1198, anapanda na kupiga mluzi.

Nikashuka mbio. Bi mkubwa yuko kwenye benchi, mabegi manne mapajani kama mpagazi wa bandarini, mkononi tawi la rosmari. Wale akina mama wanaozunguka kanisa kuu wameshamsoma kiganja na kuondoka na euro 20 zake. Akaniuliza, "Mwanangu, huko juu mto unaonekana?" Nilikosa la kumjibu. Tiketi yake ilikuwa imeshasomwa mlangoni, na aliyeitumia yuko juu anajipiga picha.

Jioni saa kumi na moja watoto wanalia njaa, akatuvusha daraja mpaka mtaa wa Triana kula. Majiko yote yamefungwa hadi saa mbili na nusu usiku. Mwenyeji gani hajui watu wa mji wake wanakula saa ngapi? Lakini hilo namsamehe. Tiketi ya mama yangu simsamehe.

#2
Mzee wa mkongojo kaniua mbavu. Ila mkuu, sema kweli, ulifika mwinamo wa ngapi ndipo ukashuka?

#3 (mwanzisha uzi)
Wa tisa. Nilikuwa nawakimbilia watoto. Usinipandishe presha. TIKETI YA MAMA YANGU.

#4
Wa tisa! Mtoto wa kiume, bi mkubwa yuko nje analinda mabegi!

#5
Namjua sana huyo. Agosti mwaka juzi alitupeleka uwanja wa Plaza de España hapo Sevilla saa nane mchana, akatuambia walijenga Waarabu. Ile ni ya maonyesho ya 1929! Shemeji yangu alizirai pale kwenye vigae.

#6
Afadhali nyie mlipata mtu wa kumlaumu. Mimi Barcelona, barabara ya La Rambla, dakika ya 20 simu haipo. Sikuhisi hata upepo.

#7
Simu mfuko wa nyuma La Rambla, ulitegemea nini? Shida ya Hispania ni nguruwe. Unaagiza maharage, yumo ndani.

#8
#7 Sevilla agiza espinacas con garbanzos, mchicha na dengu. Ila uliza kwanza.

#9
Mtahadharishe watoto na machungwa ya barabarani. Januari mwanangu alichuma moja, akakunja uso mpaka tunapanda ndege. Machungu yale! Waingereza ndio wanayapikia jamu.

#10 (mwanzisha uzi)
Wakuu turudi kwenye mada. Huyu mtu kesho anataka kutupeleka Alcázar, lile jumba la kifalme, na anaulizia hela ya tiketi.

#11
Unamtoa bi mkubwa Tanga, kwenye machungwa ya Muheza, unampeleka kwenye machungwa yasiyolika?

#12
Hapo Muheza umenigusa. Mwaka jana dalali kanilangua gunia, chini kajaza mabovu matupu. Mnamjua, yule wa pale stendi.

#13
Yule wa baiskeli? Hata mimi!