Pesa za nyumba za waathirika wa maafa Lindi na Mtwara: mkaguzi anafika bati zimeshaota kutu

Wana kusini, uzi ni mrefu kidogo na umeandikwa kwa hasira. Mtanivumilia.

Mafuriko ya Kilwa Januari 2020, nchi nzima ilijua. Kimbunga Hidaya Mei 2024, barabara ya Dar–Lindi ikakatika Somanga, nchi nzima ikajua tena. Siku hizo viongozi hawakosekani, kamera hazikosekani, michango nayo inamiminika. Anayekosekana ni mtu wa kusimama stoo lori la saruji linaposhusha.

Ukiuliza unajibiwa "CAG atakagua", yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Haya, tuhesabu. Pesa iliyoingia Julai 2024 ni ya mwaka wa fedha 2024/25, na mwaka huo unafungwa 30 Juni 2025. Ripoti anakabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi 2026, Bunge linaiona Aprili. Miezi 21! Tena CAG anakagua kwa sampuli, kijiji chako kisipoangukiwa na sampuli ndiyo basi. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri angeweza kuwahi, ila gari na mafuta ya kwenda saiti anaomba kwa mkurugenzi yule yule anayemkagua. Hapo mnategemea nini?

Na msidhani wizi uko kwenye vocha, yaani hati za malipo. Vocha huwa safi kabisa: risiti ya EFD (mashine ya kodi) ipo, hati ya mapokezi ipo, sahihi zote zipo. Wizi uko kwenye tofali.

Chukua nyumba ya mita 6 kwa 7 yenye vyumba viwili na sebule. Ukitoa milango na madirisha, kuta zinabaki kama mita za mraba 85. Tofali la inchi 6 linaingia 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo unahitaji 850. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa matofali 28, tofali ni zima, nyumba inakula mifuko 30. Fundi akiambiwa atoe 45 kwa mfuko, mifuko 19 inatosha. Kumi na moja imepotea, na ukuta kwa macho ni ule ule. Zidisha kwa nyumba 50: mifuko 550, karibu semi nzima. Haya yanafanyika kwenye mkoa wenye kiwanda cha saruji hapa hapa! Ongeza mchanga wa ufukweni usiooshwa, ambao chumvi yake inakula nondo za lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) taratibu, na matofali yaliyoanikwa juani bila kumwagiliwa hata siku saba. Kulijua si kazi: liachie tofali kutoka usawa wa kiuno lidondoke kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika kama mkate mkavu, usisaini.

Bati ndiyo balaa zaidi. BOQ, ile orodha ya vifaa, vipimo na bei za ujenzi, inasema geji 28, linalokuja ni geji 30, jembamba zaidi, na stika imebandikwa 28. Dawa yake ni maikromita, kifaa cha mkononi cha kupima unene, lakini kamati ngapi za mapokezi wanacho? Lori linaingia saa kumi na mbili jioni, dereva anapiga honi anataka kurudi, mtendaji anamulika kwa simu, wajumbe wanahesabu idadi tu na kusaini. Halafu kenchi (fremu za mbao za paa) zinapigwa misumari mitupu kwenye mbao ya juu ya ukuta, bila waya wala utepe wa chuma wa kuzishikilia hadi kwenye lenta. Upepo mkali hausukumi ukuta tu, unanyanyua na paa. Kwa hiyo msaada wa kimbunga hiki unakuwa chakula cha kimbunga kijacho.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi ni watu wa mizani. Gunia la korosho likipungua kilo mbili ghalani, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) nzima inawaka moto. Saruji ya mwathirika tunaipokea kwa macho.

Orodha ya waathirika nayo: inasomwa kijijini ina majina 40, inarudi kutoka wilayani ina 52. Wajane wanakatwa kwa kuwa nyumba iliandikwa jina la marehemu, wapangaji hawahesabiwi kabisa. Ipigeni picha siku ya mkutano mkuu, kabla haijapanda gari.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Basi kamati hiyo ipewe nakala ya BOQ, maikromita na mamlaka ya kurudisha lori. Kwenye ubao wa matangazo ibandikwe pesa iliyoingia, tarehe, na bei ya kila kifaa. Na kama pesa haijengi nyumba, serikali iseme mapema. Kagera tetemeko lilipiga Septemba 2016, watu wakaja kuambiwa na Rais Magufuli Januari 2017 kwamba serikali haitawajengea.

Halmashauri ikikataa kuwaonesha BOQ na hesabu hizo, andikeni barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 30 za kujibu. Nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe, bila muhuri watasema hawajawahi kuiona.

Mwenye BOQ ya kijiji chake aiweke hapa tuihesabu tofali kwa tofali. Majina na namba za simu za watu zifutwe kwanza.