CD ya kuchoma mwenyewe, flashi au simu: kipi kwa somo la jim (mazoezi ya mwili shuleni)?

Prof_Himbi (Goma)
Salama wote. Uwanja ni wa mawe ya volkeno yaliyosagwa, hauna ukuta upande wa barabara. Wanafunzi 55, kipindi dakika 50. Kilichopo ni radio ya zamani ya CD yenye tundu la AUX (la kuchomeka waya wa sauti), inakula betri kubwa 8. Pesa inatosha kitu kimoja: pakiti ya CD tupu 50 pamoja na betri mpya, ao bafle (spika) ndogo ya kuchaji yenye tundu la flashi na Bluetooth. Kazi ni tatu: kupasha mwili moto, mzunguko wa vituo 8 (kila kikundi kinafanya zoezi lake, kisha kinahamia kituo kingine), na mtihani wa kukimbia mita 20 kwa mlio (kwenda na kurudi, kufika mstarini kila mlio unapolia). Mnashauri nini?

Mwl_Kadutu (Bukavu)
Prof, faili kwanza, kifaa baadaye. Mwalimu anayesimama kidole juu ya radio hawezi kuona magoti wala migongo ya watoto. Vituo viingize ndani ya muziki wenyewe.

Audacity, programu ya kompyuta ya kukata na kuunga sauti, ni ya bure na inatosha. Wanafunzi 55 kwa vituo 8 ni saba saba, kimoja kinabaki na sita. Weka muziki sekunde 40, kimya sekunde 15 za kuhama. Mzunguko mmoja ni dakika 7 na sekunde 20. Rudia mara mbili, umetumia karibu dakika 15.

Rumba yetu usiiweke nzima. Sehemu ya mwanzo, ile ya kuimba polepole, kata uiweke akiba ya kunyoosha viungo mwishoni. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha, ndiyo ya vituo. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 112 na unataka 124, ongeza tempo (mwendo wa mapigo) karibu asilimia 11. Chagua athari ya kubadili tempo, si ya kubadili kasi. Hiyo ya pili inapandisha na sauti, mwimbaji anatoka kama katoto. Ukipita asilimia 15 hivi, ngoma zinaanza kukwaruza. Afadhali utafute wimbo mwingine.

Na muziki ukatike ghafla. Ukiufifisha kwa uzuri kama wa redio, walio mbali wanaendelea kuruka wakati wenzao wamekwisha hama. Sekunde 3 kabla muziki haujarudi, tia mlio mfupi.

Sono_Katuba (Lubumbashi)
Naitetea CD kidogo, maana watu wanailaumu kwa makosa ya mchomaji. Radio ya zamani inataka CD ya audio, si faili za MP3 zilizomwagwa kwenye diski. Ya audio inaingia dakika 80, basi. Ya MP3 za kilobiti 128 inabeba kama saa 12, ila radio isiyoandikwa MP3 usoni haitaisoma.

Nunua CD-R, usinunue CD-RW. Ile ya kufutika inarudisha mwanga kidogo sana, lenzi za zamani hazioni kitu. Choma kwa kasi ya 8 ao 16, funga diski mwishoni (programu inaita "finalize"). Ukiiacha wazi, kompyuta itaicheza vizuri, radio itaandika "no disc", na utaanza kulaumu muuzaji. Na uchague kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja. La sivyo programu inaweza kutia sekunde 2 za kimya kati ya nyimbo, hesabu yako ya vituo inaharibika.

Usibandike karatasi juu: ikikaa upande, diski inazunguka ikiyumba. Kalamu ya bic pia hapana. Upande wa maandishi ndio dhaifu kuliko ule unaong'aa, kwa sababu tabaka la kurudisha mwanga liko hapo chini tu ya vanishi.

Kuruka-ruka kwa muziki mara nyingi si diski. Radio iko chini, miguu hamsini inaruka karibu, lenzi inatikisika. Iweke juu ya kiti, chini yake nguo iliyokunjwa mara nne.

Mama_Keshero (Goma)
Papa Sono, yote hayo ni kweli kwa saluni (sebule) ya Lubumbashi, ukishafunga madirisha kwa vumbi jekundu. Kwa uwanja wa huku, hapana. Changarawe ya volkeno inakwaruza kama msasa. Diski ikianguka mara moja na mtu akaipangusa kwa shati kwa kuzungusha, imekwisha. Anayelazimika kupangusa atoke katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka.

Mimi nasema bafle na flashi. Ukiformati flashi kwenye kompyuta, chagua aina ya FAT32. Bafle nyingi za bei ndogo hazisomi ile aina nyingine, NTFS. Jambo linalowashangaza walimu: bafle nyingi hazifuati majina ya faili, zinafuata mpangilio wa kunakiliwa. Kwa hiyo andika 01, 02, 03, lakini pia nakili moja moja kwa zamu hiyo, kwenye flashi iliyofutwa yote.

Simu kwa Bluetooth iwe ya dharura. Mtu akipiga, darasa zima linasikia mlio wa simu yako. Weka hali ya ndege, halafu washa Bluetooth peke yake, na simu ikae juu ya bafle, si mfukoni mwako. Mwili wa mtu unakula mawimbi hayo.

Watts zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini. Panda bafle kimo cha kifua, mgongo wake ukutani, upepo ukitoka kwake kwenda kwa wanafunzi.

Prof_Himbi
Aksanti sana. Naona nielekee kwa flashi. Na mtihani wa mlio? Kuna anayesema MP3 inapoteza muda, lazima CD.

Mwl_Kadutu
Aliyekuwa anapoteza muda ni kaseti, mkanda wa mashini ukilegea. MP3 inapunguza ubora wa sauti, haigusi saa.

Utengeneze mwenyewe. Toleo la mtihani huu la mtafiti Luc Léger na wenzake la 1988 linaanza kilomita 8.5 kwa saa, linapanda 0.5 kila dakika. Hesabu ni nyepesi: gawa 72 kwa mwendo, unapata sekunde za mita 20. Kwa 8.5 ni 8.47. Kwa 9 ni 8.00. Kwa 9.5 ni 7.58. Kwa 10 ni 7.20.

Kosa la kawaida liko hapa: mlio ni sekunde 0.2, mtu anaongeza kimya cha 8.47 nyuma yake. Imekuwa 8.67, na baada ya safari saba umewapa watoto zaidi ya sekunde nzima ya bure. Kimya kiwe 8.27. Mlio uwe wa hertz 1000 hivi. Sauti nzito inapotea uwanjani.

Bafle ikae pembeni, katikati ya mistari miwili, ili pande zote zisikie sawa. Hapo tumia flashi ao waya wa AUX. Bluetooth kuchelewa kidogo si neno, kwa sababu inachelewa sawasawa. Ikikatika ndipo mtihani umekufa, na hauwezi kuurudia siku hiyo, miguu imechoka.

Sono_Katuba
Mama Keshero amenishinda kwa uwanja, nakubali. Lakini radio usiitupe, prof. Betri 8 za volti 1.5 ni volti 12, sawa na betri ya pikipiki. Angalia nyuma: kama pameandikwa DC 12V, chukua betri ya moto (pikipiki) iliyochajiwa, fuse ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, na kichwa kinachoingia tundu hilo. Mchoro mdogo kando ya tundu unaonyesha kama chanya iko katikati ao nje. Hapo usikisie, ukigeuza unaiunguza. Na radio ya betri 6 ni volti 9, hiyo usiiguse na betri ya moto.