Mwani na maziwa kwa kikohozi, nani kashajaribu?

mtoto_wa_paje: Asalaam alaykum jamani. Mie nafanya kazi hotelini huku Paje, Unguja, juzi kuna mgeni bibi mtu mzima wa Ayalandi kawaona kina mama wanavuna mwani akanambia kwao mtu akikohoa wanauchemsha na maziwa anakunywa, dawa ya mabibi toka zamani. Nikacheka kimoyomoyo, mamaangu analima mwani toka mie mdogo na sijaona hata siku moja mtu kautia mdomoni, sie ni kuanika, kutia kwenye polo, kuuza. Sasa kikohozi changu leo siku ya kumi, huu wetu unafaa?

yakhe_wa_dublin: Hajakudanganya. Wanauita carrageen, unaota wenyewe kwenye majabali ya pwani. Konzi moja wanaroweka robo saa, maziwa, moto mdogo dakika 20 hivi, wanachuja, asali na limau. Unateleza kooni kama bamia. Na ile karajinani ya viwandani, ya kuzidishia uzito vyakula, inayotolewa kwenye mwani wetu jina lake limetoka huko huko! Ila wetu jamii nyengine, spinosum na cottonii, tumeanza kulima kibiashara 1989 tu.

bi_mkubwa_wete: Wale wa Ayalandi wana mambo, kifaduro eti mtoto anapitishwa chini ya tumbo la punda mara tatu 😂 na chunjua unaisugua na konokono kisha konokono unamchomeka kwenye mwiba, akinyauka na chunjua inakwenda. Miaka ya 1937 mpaka 1939 watoto wa skuli wa huko waliambiwa wawaulize wazee dawa kama hizi waziandike, mambo mazuri, wazee wa kwetu wanakufa nazo. Jino likiuma karafuu, hapo sawa na sie. Lakini mafua wanachomeka karafuu kwenye kipande cha limau wanatumbukiza kwenye wiski ya moto, karafuu zetu zinatembea mpaka pabaya astaghfirullah.

mpimaji_ungo: Wa kulainisha koo sawa, kutibu hautibu. Usichukue ulioanikwa mchangani, kuku wanaukanyaga. Na kikifika wiki mbili nenda kapime makohozi, usitusubiri sie humu.

mtoto_wa_paje: Nimemwambia mama, kaniuliza maziwa nanunua mie? Nikanunua. Kauosha maji mara nne na bado chumvi, umechemka ukawa kama gundi, nimekunywa nusu kikombe kwa kuziba pua. Koo imelainika kidogo, sisemi uongo. Iliobaki kala paka. Jumatatu nakwenda kupima.