Tiketi ya kuzunguka dunia kutoka Nairobi: Star Alliance au oneworld?

Upepo_wa_Kusi: Wakuu, njia ni Nairobi, Bangkok, Sydney, Auckland, San Francisco, New York, Frankfurt, halafu nyumbani. Kwenye miungano hii miwili ya mashirika ya ndege, niende na Star wanaopima maili au tiketi ya oneworld Explorer wanayohesabu kwa mabara?

Kapi: Kwa njia hiyo, Star. Piga hesabu: Nairobi–Addis Ababa maili 720, Addis–Bangkok kama 4,200, Bangkok–Sydney 4,700, Sydney–Auckland 1,340, Auckland–San Francisco 6,500, San Francisco–Newark (uwanja wa New York) 2,570, Newark–Frankfurt 3,860, Frankfurt–Addis 3,310, na 720 za mwisho. Hazifiki 28,000, unaingia ngazi ya bei ya hadi maili 29,000. Ila ukichomeka Tokyo kati ya Bangkok na Sydney, zinaongezeka kama 3,000 na unalipia ngazi ya 34,000.

MzeeRuti: Kwa oneworld hayo ni mabara 5, na hata ukiiacha Frankfurt hayashuki kuwa 4. Wengi husahau Doha. Qatar Airways lazima ipite pale, na hata ukikaa saa mbili tu uwanjani, bara la "Ulaya na Mashariki ya Kati" limeshahesabiwa. Kwa kuwa umeshalilipia, jaza miji ya Ulaya humo. Tokyo nayo haipandishi bei, maana Asia ipo tayari. Mpaka ni vipande 4 kwa kila bara (kila ndege unayopanda ni kipande), Amerika Kaskazini 6.

binti_bandari: Kote kuwili mwisho ni vipande 16, na hapo ndipo watu hukwama. Kubadilisha ndege Addis ni vipande viwili, japo hujalala huko. Ukishuka mji mmoja na kupandia mwingine kwa basi au treni, pengo hilo nalo ni kipande, na Star wanahesabu na maili zake. Usije ukaruka ndege moja ukidhani utaidaka inayofuata: usipotokea, zilizobaki zinafutwa. Kubadili tarehe ni rahisi, kubadili mji ni tiketi kutolewa upya kwa ada.

Kapi: Na mwelekeo ni mmoja, Pasifiki mara moja, Atlantiki mara moja. Tiketi inaishi miezi 12.

MzeeRuti: Kabla ya maili, viza. Kwa pasipoti ya Kenya, Marekani hakuna kupita uwanjani bila viza, hata kwa saa moja ya kuunganisha. Kwa asiye nayo, oneworld ina mlango mwingine: Qantas Sydney–Santiago, kisha Iberia hadi Madrid. Uliza kwanza masharti ya kupitia Chile na Hispania.

Upepo_wa_Kusi: Viza ya Marekani ipo. Nikiiacha Auckland, Tokyo itaingia kwenye 29,000?

Kapi: Haiingii, mkuu. Sydney–San Francisco moja kwa moja ni kama 7,400, umeokoa maili 400 tu. Wa kutoka ni Sydney na Auckland pamoja: Bangkok–Tokyo–San Francisco ni kama 8,000, na safari nzima inashuka hadi 23,400 hivi.