Tupeane uzoefu: uliwahi kuitwa kibaraka wa mabeberu kwa sababu uliuliza swali?

Kalamu Butu: Wakuu, leo kwenye daladala kijana kalalamikia umeme, jamaa wa siti ya nyuma akamwambia, "Wewe umetumwa." Gari zima kimya. Nimeshuka moyo unanidunda, maana neno hilo nililipata mwaka 2018 kazini, kwa kuulizia makato ya mshahara tu. Mliopitia haya, karibuni.

Anko T: Mimi niliambiwa si mzalendo, tena na shemeji yangu. Hadi leo siandiki kitu kwenye grupu la ukoo.

Mvuvi wa Mpakani: Ngoja niyaseme, sijawahi kuyasema popote. Kijiji chetu kiko karibu na mpaka. Tulichangishwa elfu kumi kila kaya kwa ajili ya kisima. Mwaka ukapita, pampu hakuna. Kwenye mkutano wa kijiji nikanyoosha mkono, nikaomba tusomewe mapato na matumizi. Sikutaja jina la mtu. Kiongozi mmoja akasimama, suala la hela hakuligusia kabisa. Akasema, "Huyu ni kibaraka, anatumiwa na mabeberu kukwamisha maendeleo." Watu niliokua nao tangu utotoni wakainamisha vichwa.

Wiki mbili baadaye naitwa nieleze babu yangu alizaliwa wapi. Babu! Nina cheti cha kuzaliwa, nina kitambulisho cha taifa, nimepiga kura tangu 2005. Nikaambiwa nilete wazee wanaomfahamu. Waliobaki hai walikuwa watatu, wawili wakasema wanaumwa. Mke wangu ni mama ntilie, wateja wakakata mguu mmoja mmoja.

Kilichonivunja ni mwanangu wa darasa la pili. Karudi shule analia, wenzake wanamwita mtoto wa beberu. Akaniuliza, "Baba, kwani sisi ni mbuzi?" Yeye beberu analolijua ni lile dume la zizini kwa jirani. Nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba mpaka giza likaingia.

Baada ya miezi saba nilirudishiwa karatasi zangu. Samahani hakuna. Pampu hakuna.

Sauti ya Pwani: Pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara mbili.

Mlinda Mwenge: Pole, ila tusidanganyane. Wapo wanaopokea fedha za nje ili kuichafua nchi. Nchi lazima ijilinde.

Kalamu Butu: Mkuu, mwenye kupokea apelekwe mahakamani na ushahidi utolewe. Huyu kauliza pampu.

Mlinda Mwenge: Sijamsema yeye. Nawasema nyie wakosoaji, maana nanyi mnabandika watu majina. Nilisifia barabara humu humu nikaitwa chawa. Na huko upinzani anayetaka maridhiano anaitwa msaliti hata hajamaliza sentensi.

Anko T: Hapo kwa kweli amesema.

Bibi Kanga: Wanangu, hayakuanza juzi. Mwaka 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi ilipoanza, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, baba yangu alikuwa na katoni nne za sabuni kwenye kiduka chake. Walanguzi walikuwepo kweli, na foleni zilikuwa zimetuchosha. Lakini jina likishaachiwa halichagui. Usiku tukazifukia zile sabuni shambani, asubuhi mama akanituma nikapange foleni ya sabuni. Na mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge, aliambiwa si raia. Kama mbunge aliulizwa uraia wake, sembuse mvuvi?

Sauti ya Pwani: Shikamoo bibi. Hilo la sabuni mama yangu pia husimulia, ila wao walitupa vitenge.

Wakili wa Kijiweni: Mvuvi, siku nyingine nenda na Katiba. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa maoni, ya 27 inakutaka ulinde mali ya umma. Kuulizia hela ya kisima ni wajibu wako.

Anko T: Katiba mbele ya yule kiongozi? Atasema na hiyo umeletewa na mabeberu. Nyamaza ulee watoto.

Kalamu Butu: Akinyamaza, hela ya pampu nani ataiulizia? Usiende peke yako tu. Tafuta watu kumi, wa vyama vyote, swali liwe kwenye maandishi.

Mlinda Mwenge: Hilo naliunga mkono. Mkiwa kumi hamuwezi wote kuwa vibaraka.

Anko T: Au hamia mjini ndugu, kule hakuna anayemjua babu yako.

Mvuvi wa Mpakani: Sihami. Babu mwenyewe kazikwa hapa, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Swali nimeshaliandika upya, lile lile. Akina mama wawili wanaofuata maji mtoni wamesema watasaini. Nielekezeni tu, barua naipeleka kwa mtendaji wa kijiji au wa kata?

Wakili wa Kijiweni: Wa kijiji, nakala kwa wa kata. Na usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri.